Kumi ya Dalali

Jumatatu, 3 Machi

Kwa Mtaalamu wa Mazoezi ya Viungo,
Hospitali ya Rufaa, chumba namba 14

Binti,

Shikamoo yako ya Jumatatu iliyopita niliipokea vizuri, na nashukuru hukucheka. Lakini nina malalamiko, na mimi malalamiko yangu huyapanga kwa namba.

Kwanza. Daktari aliyenipasua tezi dume alikaa nami dakika ishirini na tano akinieleza saratani, damu, ganzi na kidonda. Habari ya mkojo kunitoka ovyo aliisema kwa sentensi moja, tena akiwa amesimama, mkono uko kwenye kitasa: "Unaweza kuvuja kidogo kwa muda." Kidogo! Jana nilikusanya pedi zote nilizotumia kutwa kucha, nikazipima zikiwa zimelowa, nikatoa uzito wa pedi kavu. Gramu mia nne na kumi na mbili. Soda ya chupa haifiki hapo.

Pili. Ulisema nikupigie simu wakati wowote. Siwezi. Mimi ni dalali wa mnada, mwaka wa ishirini na sita huu, na sauti yangu haijui kunong'ona. Nikikueleza haya kwa simu ofisini, atasikia hata muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara. Ujumbe wa maandishi nao wajukuu huusoma kabla yangu. Kwa hiyo nitaandika barua, nitaiacha ofisi ya basi, nawe ujibu kwa njia hiyo hiyo. Bahasha ifungwe kwa gundi.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Jumamosi ya tarehe 28 Juni kuna mnada wa hoteli iliyofungwa. Vitu mia mbili na arobaini, kila kimoja dakika moja, yaani saa nne nimesimama jukwaani mbele ya umati. Wenye hoteli wanataka nyundo niishike mimi. Kampuni ni yangu, na hakuna aliyenirithisha. Nilianza nikiwa mhesabu mbuzi kwenye geti la soko la mifugo. Mbuzi wanapita mbio, mimi nahesabu, na sikukosea hata mmoja. Lakini nyundo haishikwi kwa hati ya kampuni, inashikwa kwa miguu na koo. Tangu nipasuliwe anaishika mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, naye anatumia kipaza sauti kama mtu anayetangaza mtoto aliyepotea. Nikishindwa siku hiyo, basi tena. Nitakuwa yule mzee wa ofisini, kunywa chai na kusaini karatasi.

Sasa hivi nikipaza sauti, navuja. Nikigonga nyundo, navuja. Nikicheka, ndiyo usiseme.

Mazoezi uliyoniandikia nimeyaanza leo asubuhi. Kaza, hesabu mpaka kumi. Legeza, hesabu mpaka kumi. Mara kumi, kutwa mara tatu. Nimeelewa. Namba hazijawahi kunishinda.

Dalali


Jumapili, 9 Machi

Mzee wangu Dalali,

Shikamoo. Bahasha nimeitia gundi, na juu ya gundi nimebandika utepe.

Lalamiko lako la kwanza ni la haki na sitamtetea mtu. Ulipaswa kuelezwa, tena ulipaswa kuletwa kwangu kabla ya kisu. Haya, tuanze hapa tulipo. Ile tezi ilikuwa ikisaidia kubana njia ya mkojo. Imeondolewa, sasa kazi yote imeangukia misuli ya sakafu ya nyonga. Huyo ni mlinzi aliyelala zamu miaka sitini na mbili, leo ameamshwa ghafla na kuambiwa geti ni lake. Mpe muda afikiche macho.

Usikaze tumbo. Usikaze makalio. Usizuie pumzi. Fikiria umekaa sebuleni ukweni, tumbo limejaa gesi, na mama mkwe ndiyo kwanza amevuta kiti karibu yako. Ule mkazo wa ndani unaopanda juu huku uso unatabasamu, ndio huo ninaoutaka. Au fikiria unaingia kwenye maji ya baridi, yamefika kiunoni. Kinachopanda unakijua.

Halafu kunywa maji. Najua umeshapunguza, wote hupunguza. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, nawe utakimbia chooni zaidi. Chai na kahawa ndivyo vya kupunguza.

Mkeo siku ile alikaa nje kwenye benchi muda wote. Angeweza kuingia, unajua.

Nakungoja tarehe 24.

Mwanao wa chumba namba 14


Jumatatu, 7 Aprili

Binti,

Tarehe 24 sikuja, na sababu nakutolea uvivu: sikuwa na cha kuja kukuonyesha.

Siku thelathini na tano. Kila siku mara tatu, kila mara mikazo kumi. Jumla mikazo elfu moja na hamsini, sijaruka hata mmoja, nimeweka alama nyuma ya kalenda. Tumbo sikazi. Makalio sikazi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, nimemkalisha karibu yangu mara elfu moja na hamsini. Matokeo? Kutoka gramu 412 nimeshuka hadi 398. Gramu kumi na nne! Kwa mwendo huo nitakauka baada ya siku 995. Mnada uko siku 82 kutoka leo.

Tena jioni ndiyo mbaya zaidi. Asubuhi najikongoja, ikifika saa kumi ni kama hakuna mlinzi kabisa, ameacha geti wazi ameenda kwao.

Mimi namba zangu nimetimiza. Zako ziko wapi?

Na mke wangu tumwache alipo. Nimemwambia nimepona. Mtu akishaambiwa umepona, haulizi tena. Nimehamia kulala kochini, nimesema chumbani kuna joto. Ana keki zake za oda, hana haja ya kubebeshwa na haya mambo ya pedi.

Wenye hoteli wanataka jina la mshika nyundo ifikapo tarehe 15 Juni. Nadhani nitawapa la mkwe.

Dalali


Ijumaa, 11 Aprili

Mwanangu Daktari,

Hunijui. Mimi ni yule mama wa kwenye benchi, mwenye kikapu cha bluu. Anwani yako nimeipata kwenye bahasha zilizofichwa chini ya mto wa kochi. Sikuzisoma. Nimesoma moja tu.

Naoka keki, na jikoni kwangu kila kitu kina mahali pake. Jumatano nimeamka nikakuta mizani yangu ya unga imeoshwa kwa sabuni ya kufulia, imefutwa ikang'aa, imerudishwa kwenye rafu uso ukiangalia ukuta. Mume wangu miaka thelathini na moja hajawahi kuosha hata kijiko. Nikasema hapa kuna jambo. Nikafungua debe la taka la nyuma, nikaona. Kumbe hajapona. Kumbe anapima pedi kwenye mizani ya keki za watu! (Nimenunua mizani mpya, usiogope ukija kula kwetu.)

Sikulia kwa sababu ya mizani. Nililia kwa sababu ya kochi. Mwezi wa pili nilimwambia, "Baba, mwachie mkwe ashike nyundo mpaka upate nguvu." Baada ya hapo akahama chumba, eti joto. Joto gani, na dirisha liko wazi? Nikajua amenichukia kwa neno lile. Miezi miwili namwomba msamaha kwa kila ninachopika, yeye anakula, anashukuru, anachukua mto wake anaondoka.

Sasa sikiliza. Leo nimesimama nje ya mlango wa sebule wakati wa mazoezi yake. Nimesikia kitu kama cherehani: mojambilitatunnetanositasabananetisakumi, kimya, mojambilitatunnetanositasabananetisakumi. Nikachukua saa yangu ya oveni nikaiwasha. Zoezi zima limekwisha kwa sekunde arobaini! Mimi sijui mambo yenu ya hospitali, lakini keki yangu ikikaa ovenini kwa hesabu ya mume wangu, mteja atakula uji.

Tafadhali usimwambie kuwa nimekuandikia. Atahamia stoo.

Mama wa kikapu cha bluu


Jumanne, 15 Aprili

Mzee wangu,

Usimwandikie mtu jina lolote bado. Aliyefanya mikazo elfu moja na hamsini bila kuruka hata mmoja si wa kuachwa njiani. Nina shaka kosa liko kwenye karatasi yangu, nisaidie kulitafuta.

Chukua saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, iweke mbele yako, halafu fanya mazoezi yako kama kawaida. Usibadilishe chochote. Kisha uniandikie mshale umetembea kiasi gani. Wagonjwa wangu wote nawaomba hivyo.

Jambo la pili, na hili ni la jukwaani. Kabla ya kukohoa, kabla ya kuinuka kitini, kabla ya kupaza sauti au kugonga nyundo: kaza kwanza, ndipo ufanye. Daima mkazo utangulie. Mwanzoni utajiona kama mtu anayejifunza kutembea, baadaye mwili utafanya wenyewe.

Chumba namba 14


Jumamosi, 19 Aprili

Binti,

Sekunde arobaini. Kukaza mara kumi na kupumzika mara kumi, ambako kwa karatasi yako ni sekunde mia mbili, mimi nakumaliza kwa arobaini. Kumi yangu ni sekunde mbili! Nilidhani saa ni mbovu. Nikabadilisha betri. Arobaini na moja.

Ni wale mbuzi. Kwenye geti la mifugo ukihesabu kwa mwendo wa mtu wa kawaida, mbuzi watano wameshapita. Kinywa changu kilizoea hivyo nikiwa na miaka kumi na saba, na ndicho kilichonilisha mpaka leo. Karatasi yako ilisema "hesabu mpaka kumi". Haikusema kumi ya nani. Hilo nalo ni lalamiko, liandike.

Nimepiga hesabu. Ile mikazo 1,050 ya mwanzo kwa sekunde kumi ni sekunde 10,500. Nimefanya 2,100. Zimepungua 8,400, yaani saa mbili na dakika ishirini. Jumatatu ya tarehe 28 sina kazi. Nitazifidia zote asubuhi hiyo moja, tuwe sawa.

Kuna jambo jingine. Nilikuwa nimeiweka ile saa juu ya kochi, nimeikazia macho kama niliyekosana nayo, mke wangu akaingia na trei ya keki. Akatazama saa, akanitazama mimi.

"Baba, unagombana na saa?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini? Unataka kuinunua?"

Sijui ni nini kilinipata. Nilicheka. Miezi mitatu nilikuwa nimejinyima kicheko kama mtu aliyekatazwa sukari, na kilivyokuja kilikuja chote. Na mkojo nao ukaja, mbele yake, kwenye zulia. Nikasimama pale nikingoja ardhi ipasuke.

Akaweka trei chini. Akasema, "Ni hii tu? Mimi nilidhani umenichukia."

Nikamwuliza nimchukie kwa lipi. Akaniambia. Binti, mimi nilikuwa namficha pedi, kumbe yeye anaishi na talaka isiyoandikwa! Tukakaa kwenye lile zulia tukala kona nzima ya keki ya mteja. Jioni alitandika shuka la nailoni chini ya shuka la kawaida, akanitupia mto wangu kitandani.

Lakini niambie. Ulijuaje habari ya saa? Wagonjwa wako wote unawaambia? Haya.

Dalali


Jumanne, 22 Aprili

Mzee wangu,

HAPANA. Nakuandikia kwa herufi kubwa kwa sababu hutaki simu. Usifidie hata sekunde moja. Milo ya mwezi uliopita huwezi kuila yote leo asubuhi, utalazwa. Msuli wako umekuwa ukirushwarushwa bila kupumzika, ndiyo maana jioni unakata tamaa. Kaza sekunde tano tu, kwa saa. Legeza sekunde kumi kamili, na kulegeza ni kazi kama kukaza. Ukiona tano ni nyepesi, panda sita. Njoo tarehe 12 Mei nikupime.

Nimeichapa upya karatasi yangu. Sasa inasema "sekunde, kwa saa ya ukutani". Wagonjwa wanaoshangaa nawaambia kuna mzee mmoja anahesabu mbuzi.

Habari ya zulia imenifurahisha kuliko habari ya gramu.

Chumba namba 14


Ijumaa, 30 Mei

Binti,

Namba kwanza. Mwisho wa Aprili gramu 305. Siku uliyonipima, 12 Mei, gramu 168, na uliona mwenyewe nilivyokaza sekunde nane bila kuzuia pumzi. Wiki iliyopita 74. Jana 31. Pedi nne zimekuwa moja. Sitaki kusema kitu mapema, lakini jana nilipiga chafya barabarani na nikasimama nikingoja. Hakikutoka kitu. Nikapiga nyingine ya makusudi.

Mazoezi ya nyundo nayafanya uani, kila siku baada ya kazi. Mke wangu ndiye mnunuzi. Kaza, paza sauti, kaza, gonga. Nimemuuzia sufuria zake zote. Jumanne nilikuwa nanadi ngazi, mkwe akaingia getini.

"Baba, ngazi hiyo si ni yangu? Nimewaazima tangu Krismasi."

"Basi toa dau," mke wangu akamwambia, "mimi nimeshafika juu."

Akatoa dau! Wakapandishana mpaka ngazi ikawa na bei ya gari. Nilipogonga nyundo akanitazama sana. Akasema, "Baba, unanyamaza kidogo kabla ya kugonga. Inawafanya watu wakae ukingoni mwa kiti. Umeipata wapi hiyo?"

Mke wangu akaanza kukung'uta vumbi lisilokuwepo. Nami nikaona nimechoka kuficha. Nilimweleza yote pale pale, tezi, pedi, gramu, kwa sauti yangu hii hii, na kama jirani amesikia basi naye amejifunza. Mkwe akakaa kwenye ngazi. Ikawa kumbe naye ana lake: alidhani namkwepa kwa sababu anaharibu kazi yangu, na kile kipaza sauti alikinunua kwa kuwa anajua koo lake halifiki nusu ya langu. Akasema siku ya hoteli atasimama kulia kwangu. Kila nikimgusa bega, yeye ataisoma namba ya kitu kinachofuata, polepole, na mimi nitapata nafasi ya kujipanga.

Sikumsifu. Lakini nilimrudishia ngazi.

Jina nimeshawapa wenye hoteli. Ni langu.

Dalali


Ijumaa, 20 Juni

Mzee wangu,

Siku nane zimebaki. Usiongeze mazoezi, siku ya kuamkia mnada pumzika kabisa. Siku yenyewe vaa pedi na vaa suruali nyeusi, na usijione umeshindwa kwa kuvaa. Nenda chooni nusu saa kabla, kunywa maji kidogo kidogo. Na ikitoka kidogo, ni kidogo. Kazi yako pale ni kuuza viti, hukwenda kufanya mtihani wangu.

Miadi yako ya mwisho ni Jumanne, 1 Julai, saa nne asubuhi. Nataka kuisikia kutoka mdomoni mwako, hata kama jengo zima litasikia.

Chumba namba 14


Jumapili, 29 Juni

Binti,

Nimesimama saa nne na dakika kumi na mbili. Vitu mia mbili na arobaini vilipanda jukwaani, mia mbili thelathini na nane vimepata wenyewe. Bila kipaza sauti. Mke wangu alikaa safu ya tatu, na mara mbili alinyanyua mkono kwa mazoea ya uani. Nusura arudi nyumbani na jiko la hoteli.

Saa ya kwanza nilikuwa naisikiliza suruali kuliko wanunuzi. Kaza, paza, kaza, gonga. Mkwe bega la kulia, anasoma namba kama imamu. Saa ya pili niligundua kuwa nimeuza makabati kumi na moja bila kukumbuka kukaza, na mwili umekaza wenyewe. Hapo nikaanza kufanya kazi. Binti, nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesahau jinsi ukumbi unavyokuja mkononi, watu mia tatu wanavuta pumzi pamoja nawe, na hakuna anayetaka kuitoa kabla yako!

Kitu namba 171 kilikuwa kitanda cha chumba cha wageni wa heshima. Mnunuzi mmoja, mtu wa mwili wake, akasema hanunui asichokilalia. Akapanda. Akajinyoosha, akafumba macho, akasema, "Hiki ndicho." Kitanda kikaenda chini chote, miguu minne kwa mpigo, naye bado amefumba macho. Halafu akiwa pale pale sakafuni akasema, "Nimebadili mawazo."

Sikukaza. Nani angekumbuka? Nilicheka mpaka nikashika meza, na nikavuja, nikajua nimevuja, mbele ya watu mia tatu, na nikaendelea kucheka kwa sababu sikuwa na mbavu. Mkwe alipata wasiwasi akataka kupokea nyundo. Nikamwambia, "Acha, hii ni yangu." Nikauza godoro peke yake.

Nyumbani nilipima. Gramu tisa. Kwa siku nzima, kitanda kikiwemo.

Sasa, baada ya mnada, watu wanapakia mizigo, mwalimu mkuu wa shule moja alikuja nyuma ya jukwaa. Alikuwa amenunua viti hamsini. Akazungukazunguka, akasifu viti, akasifu hali ya hewa. Mwishoni akasema, "Dalali, kabla ya kila nyundo mabega yako yanashuka kidogo. Mwaka jana hukuwa hivyo." Nikamwambia ni mbinu ya biashara. Akatazama viatu vyake. Akasema, "Mimi huu ni mwaka wa pili, sina suruali ya rangi nyingine isipokuwa nyeusi. Niliambiwa ni uzee, nivumilie."

Tulikaa kwenye viti vyake viwili kati ya vile hamsini. Nilimweleza kwa saa nzima. Nilijitahidi kunong'ona, nikashindwa, wapakiaji wakaja kusimama karibu.

Kwa hiyo Jumanne sitakuja. Nina mnada wa mashine za useremala, na watu wataanza kufika saa moja. Nafasi yangu nimempa Mwalimu Mkuu, ndiye aliyekuletea barua hii. Atakuambia amekuja kuifikisha tu na anawahi basi. Basi lake ni la saa kumi jioni. Tiketi nimemkatia mwenyewe.

Dalali